Mstari wa Nane wa Daftari la Nizigama

Kila redio iliyotengenezwa na Nizigama ilirudi kwa mwenyewe ikiwa inasoma habari. Watu wa Gungu, mtaa wa Kigoma, walilizoea jambo hilo mpaka wakalifanyia mzaha. Ukimpelekea redio iliyokufa, ataifungua, atainusa kama mtu anayenusa maziwa kuona kama yameganda, atagusa hapa na pale kwa chuma chake cha kulehemu, na kabla jua halijageuka itakuwa inazungumza. Lakini itazungumza tu. Ikitokea wimbo umeanza, mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mkono wa mwizi: alizungusha kitufe mpaka akapata mtu anayesema bei ya kahawa, au ule mvumo mtupu wa hewani usio na kituo.

"Fundi wa redio asiyesikiliza muziki," Mama Verediana alimwambia siku moja, "ni sawa na mpishi aliyefunga mwaka mzima. Atajuaje kama chumvi imekolea?"

"Nauliza wanaokula, mama," Nizigama akajibu, akaendelea na kazi.

Mama Verediana alikuwa mjane wa Kiha aliyeuza mawese, chumvi na sabuni ya vipande. Meza ya Nizigama ilikuwa kwenye baraza ya duka lake, na chumba alicholala kilikuwa nyuma ya duka hilohilo. Ni yeye aliyekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumsemea, akasema kwa sauti ambayo wapita njia walisikia, kwamba huyu Mrundi ana mikono miwili na mdomo nusu, na kwamba watu wa namna hiyo hawaharibu mtaa. Basi mwaka ule wa 1996, wakati kambi za Kasulu zilikuwa zimefurika na maboti yangali yakileta watu Kibirizi, Nizigama alikuwa na meza, kitanda, na mtu mmoja wa kumsalimu asubuhi. Kwa mkimbizi, hayo si haba.

Sababu ya kutopiga muziki alimweleza mtu mmoja tu, naye ni huyo Mama Verediana. Alimweleza mara moja, kwa kifupi, akiwa anatazama bisibisi yake.

Novemba ya mwaka 1993 alikuwa ufukweni upande wa Burundi na mkewe, Spesiosa. Boti lilikuwa limejaa. Spesiosa alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani alipogeuka, akaona mama yake hajafika. Mama yule alikuwa na miguu mizito, jirani alikuwa akimkokota njiani. "Tangulia na sanduku," Spesiosa alimwambia mumewe. "Sisi tunakuja na boti linalofuata." Boti lililofuata lilifika Kibirizi kesho yake. Wakashuka watu arobaini na wawili. Nizigama aliwahesabu, kisha akawahesabu tena. Yakaja maboti mengine, na mengine, na kwa miaka mitatu hakuna lililomleta Spesiosa, wala mtu aliyemwona akiwa hai, wala mtu aliyemwona akiwa amekufa.

Katika desturi za kwao, nyumba iliyofiwa haina ngoma wala nyimbo za furaha. Muziki hurudi siku ya kuganduka: ndugu hukutana, pombe hushushwa katikati, na mkubwa wa ukoo husema maneno ya kufunga kilio. Kuanzia hapo watu hucheka tena bila kuona haya. Lakini Nizigama angefunga kilio gani, naye hajui kama kilianza? Kupiga muziki kungekuwa kusema neno moja kati ya mawili: ama Spesiosa yu hai, na kilio hakuna, ama amekufa, na kilio kimekwisha. Hakuona kwamba alikuwa na haki ya kusema lolote kati ya hayo. Kwa hiyo alisikiliza habari.

"Na ndugu zako wa kukufungia kilio wako wapi?" Mama Verediana aliuliza.

"Nao ni walewale ninaowatafuta."



Sanduku aliloambiwa atangulie nalo lilikuwa sanduku la vifaa. Ndani yake mlikuwa na koleo, chuma cha kulehemu, mkebe wa vipuri, na daftari moja la shule lenye jalada la buluu. Katika kurasa za katikati mlikuwa na mchoro wa amplifaya. Haukuwa mchoro wake. Ulikuwa mchoro wa zamani, uliokwisha pita mikono ya mafundi wa nchi nyingi; mwalimu wake wa shule ya ufundi Bujumbura aliuchora ubaoni, na wanafunzi wakaunakili. Mwalimu alipenda kusema kwamba mchoro ule ni kama mapishi ya maharage: kila mtu anayajua, na bado si kila mtu anajua kuyapika. Chini ya mchoro, kwa mwandiko wa kijana aliyetaka kufaulu, palikuwa na mistari tisa ya maelekezo. Na ndani ya mkebe, zimefungwa kwa kitambaa, zilikuwamo transista mbili kubwa za chuma, kila moja ukubwa wa kizibo cha chupa, zenye masikio mawili ya kupitishia skrubu. Spesiosa ndiye aliyemnunulia, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Hakuwahi kuzitumia. Kila mara alisema, "Tukipata transfoma."

Transfoma ililetwa na Japhet.

Japhet alikuwa karani wa reli, mtu wa Tukuyu, aliyehamishiwa Kigoma na kukuta huko watu wanaokula ugali wa muhogo na kusalimiana kwa lugha asiyoijua. Upweke wake aliutibu kwa kwaya. Aliongoza kwaya ya kanisa dogo la Gungu, kanisa la mabati lenye Waha na Warundi nusu kwa nusu, na aliiongoza kama treni: kwa saa.

"Ndugu fundi," alisema, akaweka mezani chaja kuukuu ya betri iliyoungua, "ndani ya hiki kitu mna transfoma nzima. Nimeiomba karakana wakanipa. Wiki tatu zijazo tuna mkutano pale Kibirizi, ufukweni. Waimbaji thelathini, upepo wa ziwa, na wachuuzi wa dagaa wanaopiga kelele. Bila kipaza sauti tutafungua midomo tu kama migebuka wavuni. Unaweza kutujengea amplifaya?"

Nizigama aliinua transfoma, akaipima kwa mkono. Ilikuwa nzito vizuri.

"Naweza kujenga," alisema. Moyoni alijiambia kwamba kujenga si kupiga.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa wiki zake bora tangu avuke ziwa. Umeme ulikuwa wa mgawo, kwa hiyo alilehemu ulipokuwapo na kukata bati ulipokatika. Rezista alizichomoa kwenye redio zilizokataa kufufuka, akazipanga kwa rangi zake kama mtu anayepanga shanga. Transista kubwa hutoa joto, na joto lake lazima liwe na mahali pa kwenda. Kwa hiyo alihitaji alumini nene. Mama Verediana alikuwa na sufuria kubwa ya harusi iliyotoboka ubavuni. Nizigama alikata kitako chake, akakitoboa matundu ya skrubu. Kati ya kila transista na lile bati aliweka kipande chembamba cha maika alichokikata kutoka kwenye pasi ya umeme iliyokufa, ili joto lipite na umeme usipite.

"Sufuria yangu inakwenda kanisani kabla yangu," Mama Verediana alilalamika. "Itasimama mbele, itaimba, na mimi nimekaa hapa napima mawese."

"Nenda nayo basi, mama."

"Kwanza waniambie imeimba vizuri."

Kisha siku ya kuwasha ikafika. Nizigama alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaufuata mmoja mmoja kama mwanafunzi. Mstari wa saba ulisema: gusa waya wa kuingilia sauti kwa kidole, spika ikivuma, amplifaya ni hai. Akagusa. Spika ikavuma, vuuuu, mvumo mnene uliotikisa vikombe dukani. Mama Verediana akapiga kigelegele. Nizigama alitabasamu, jambo ambalo uso wake ulikuwa umelisahau kidogo.

Mstari wa nane ulisema hivi: weka muziki wa taratibu, sauti iwe ndogo; geuza skrubu ya marekebisho polepole mpaka mkwaruzo uishe; kisha shika bati, liwe vuguvugu, lisiunguze.

Skrubu hiyo ilikuwa ndogo kama kichwa cha kiberiti. Kazi yake ilikuwa kuziamsha kidogo zile transista kubwa hata pale sauti inapokuwa ndogo, zisilale. Ukiigeuza mno, huamka kupita kiasi, huchemka, huungua. Naye alikuwa na mbili tu, na aliyemnunulia hakuwapo kumnunulia nyingine. Fundi mwenye mita nzuri angepima kwa namba. Mita ya Nizigama iliingia maji siku ile ya kuvuka, na sindano yake haikutikisika tena kwa vipimo vidogo. Ilibaki njia ya sikio, na sikio lilihitaji muziki.

Aliutazama mstari ule kwa muda. Halafu akageuza skrubu mpaka mwisho wa upande wa baridi, upande usio na hatari, akaunganisha redio, akaizungusha mpaka kwa msoma habari mmoja mwenye sauti ya kuamrisha, akasikiliza akiwa amefungulia sauti kubwa, akaona inatosha. Akafunga kifuniko. Mstari wa tisa ulisema tu: furahia.

Jumamosi ya mazoezi walimbebea amplifaya mpaka kanisani. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa nguvu, wa kupiga makofi, na mabati ya kanisa yakatetemeka. Watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama. Japhet alimpiga Nizigama begani mara mbili, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote.

Wimbo wa pili ulianza kwa sauti moja. Gloriose, mama kijana wa Kirundi ambaye alifika na boti la mwaka uliopita, alisogea kwenye maikrofoni akaimba polepole, kama mtu anayeongea na mtoto aliye karibu kulala. Sauti iliyotoka kwenye spika haikuwa yake. Ilikuwa na kitu kinachokwaruza ndani yake. Kila alipoishusha, mkwaruzo ulipanda, mpaka ikawa kama mtu anayeimba huku anatafuna mchanga. Gloriose aliacha, akajishika koo, akidhani kosa ni lake.

"Dada Gloriose ana mafua ya umeme!" akasema mmoja wa waimbaji wa nyuma, na benchi zima likacheka.

"Nyamazeni," Japhet alisema. Alimsogelea Nizigama, akashusha sauti. "Ndugu fundi, mashine yako inajua kelele. Upole haiujui. Na wimbo huu ndio wimbo wenyewe. Hao watu wa maboti hatuwezi kuwapigia kelele tu. Kuna shida gani?"

Nizigama alijua shida ni gani tangu neno la kwanza la ule wimbo. "Ni marekebisho madogo," alisema.

"Mkutano ni Jumapili ya wiki ijayo. Una siku nane. Ikishindikana niambie mapema, nikaazime ya mtu wa Ujiji."

"Haitashindikana," Nizigama alisema, lakini alisema akitazama mlango.

Siku nne hakukifungua kifuniko cha amplifaya. Alitengeneza pasi. Alitengeneza tochi. Siku ya tano alikwenda kwenye ofisi ya kutafuta jamaa waliopotezana, kama alivyofanya kila mwezi, akasimama mbele ya ubao wa majina. Alianza juu, akashuka, akapanda tena. Palikuwa na Spesiosa wawili. Mmoja alikuwa na miaka tisa, mwingine alikuwa wa mkoa mwingine kabisa, na ukoo mwingine. Karani wa pale, ambaye sasa alimjua, alitikisa kichwa tu kutoka kwenye kiti chake.

Kutoka hapo hakurudi Gungu. Alishika njia ya Bangwe, kwenda kwa Mzee Sindayigaya.

Sindayigaya alikuwa Mrundi wa mwaka sabini na mbili, wa wimbi lile la kwanza la wakimbizi. Alisuka na kuziba nyavu za watu, akiwa amekaa kwenye kigoda karibu sana na maji hivi kwamba wimbi kubwa lililowesha vidole vyake. Nizigama alidhani kwamba mtu aliyekaa ugenini miaka ishirini na minne lazima awe na jibu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwana wanje," mzee akaitika, akimwita mwanangu kwa lugha ya kwao. "Umekuja na habari au umekuja na njaa?"

"Nimekuja na swali." Akamweleza yote: boti, Spesiosa, amplifaya, mstari wa nane. "Mtu asiyejua kama amefiwa, kilio chake kinafungwa lini?"

Mzee aliuma uzi kwa meno machache aliyobakiwa nayo. "Kinafungwa na wakubwa wa ukoo."

"Na kama hawapo?"

"Basi unangoja."

"Unangoja mpaka lini?"

Sindayigaya alinyoosha mkono kuelekea nyumba yake ya udongo. Mlango ulikuwa wazi, na juu ya rafu, ikiwa imefunikwa kitambaa safi, palikuwa na redio ya mbao. "Ile niliinunua mwaka sabini na nne. Nilitaka nisikie habari za kwetu. Siku ya kwanza nilipoiwasha, ikaimba. Nikatoa betri. Nikasema, nitazirudisha siku nitakapoganduliwa." Akacheka kidogo, bila sauti. "Nilikuwa na ndugu wanne, mwana wanje. Nikangoja aje hata mmoja wa kunisemea neno. Halafu ikawa walionijua wamekwisha wote, hata wale waliokufa kwa uzee wao tu. Nafuta vumbi. Redio nzuri sana ile."

"Sasa nifanye nini, Mzee?"

"Sijui," Sindayigaya alisema. "Ningekuwa najua, ungeikuta inaimba." Kisha akainama tena kwenye wavu wake, na alipomwona mgeni bado amesimama akaongeza, kwa upole, "Usisimame hivyo, unanizibia mwanga."

Nizigama alirudi kwa miguu njia nzima. Ziwa lilikuwa limetulia, na milima ya Kongo ilionekana wazi ng'ambo, karibu kama ukuta wa jirani. Alifikiria lile vumbi. Alifikiria mtu anayeinuka kila asubuhi, anachukua kitambaa, anaifuta redio, anairudishia kitambaa chake, na kwenda kukaa kando ya maji. Miaka ishirini na miwili. Alijaribu kuhesabu zilikuwa asubuhi ngapi, akaacha.

Kesho yake saa nne ya asubuhi, umeme ukiwapo, alimwomba Mama Verediana amwite Gloriose.

Gloriose alikuja na mtoto mgongoni, akasimama kwenye baraza kama mtu aliyeitwa polisi. "Kaka Nizigama, wanasema umeniita. Ni ile sauti yangu?"

"Sauti yako haina kosa. Kosa ni langu, niliruka mstari." Alikuwa ameshafungua kifuniko cha amplifaya, na maikrofoni ilikuwa mezani, imeegemezwa kwenye kopo la mawese. "Naomba uimbe. Pole, pole sana. Nami nitageuza hapa."

"Niimbe upi? Ule wa kanisani?"

Nizigama alifikiri. "Hapana. Wowote ambao hauna watu wengi ndani yake."

Gloriose alimgeuza mtoto, akamweka kifuani, akakaa kwenye gunia la chumvi. Akaanza wimbo mdogo ambao wanawake wa kwao huuimba wakichambua maharage, wimbo usio na habari yoyote, unaozunguka palepale kama mkono juu ya ungo. Mama Verediana alikuwa akimpimia mteja mawese; akasimamisha kipimo hewani, na mteja hakulalamika.

Neno la kwanza la ule wimbo lilimpata Nizigama kifuani kama maji baridi. Mkono wake ulijua la kufanya, nao ulianza kwenda kwenye swichi kama ulivyokwenda miaka mitatu. Akaushika kwa mkono wa pili. Kisha akachukua bisibisi ndogo, akaiingiza kwenye kichwa cha skrubu.

Wimbo ulitoka ukikwaruza. Akageuza kidogo sana, kiasi cha upana wa ukucha. Bado. Akageuza tena. Mkwaruzo ukapungua, ukawa mchanga mwembamba, kisha vumbi. Ilimbidi asikilize. Hakuweza kusikiliza kosa bila kusikiliza wimbo, kwa sababu kosa lilikuwa ndani ya wimbo, chini kabisa, pale unapokaribia kimya. Na ili alifikie ilimbidi ashuke nao mpaka huko. Akashuka. Huko chini palikuwa na ungo, na uwanja uliofagiliwa, na mwanamke anayetupa jiwe dogo kando bila kuacha kuimba. Akageuza mara ya mwisho.

Vumbi likaisha. Sauti ya Gloriose ikabaki peke yake, nzima, kama vile hapakuwa na waya kati yake na spika.

Nizigama aliweka kiganja kwenye kitako cha sufuria. Kilikuwa baridi, akangoja. Polepole joto likaja, vuguvugu, kama joto la mkono wa mtu, na halikuzidi hapo. Transista zilikuwa macho.

Gloriose alifika mwisho wa mzunguko akanyamaza. "Imekubali?"

"Bado kidogo," Nizigama alisema. "Endelea."

Alikuwa ameshaweka bisibisi mezani. Gloriose aliiona, akamtazama Mama Verediana, na Mama Verediana akamkonyeza kwamba aendelee. Akaimba tena, mara mbili nzima, na fundi alikaa ameshika bati la sufuria kwa mikono miwili, macho chini.

Jumapili ile Kibirizi palijaa. Wachuuzi wa dagaa walipiga kelele kama Japhet alivyotabiri, jenereta la kanisa likanguruma nyuma ya mitumbwi, na kwaya ikaimba. Gloriose alipoanza peke yake, hata wapagazi waliokuwa wamebeba magunia walipunguza mwendo. Mama Verediana alikuwa mstari wa mbele, akiwaambia watu wasiomjua kwamba ile ni sufuria yake. Katikati ya wimbo boti liliingia, limebeba watu wenye mafurushi na magodoro. Nizigama, aliyekuwa amekaa nyuma ya amplifaya kuangalia joto, alisimama kama alivyosimama kwa kila boti. Akatazama wanawake wakishuka, mmoja mmoja, mpaka boti likabaki na mwenyewe anayemwaga maji nje kwa kopo. Hakuwamo. Akakaa, akaweka kiganja kwenye bati. Vuguvugu.

Alikuwa amedhani kwamba akiruhusu muziki, kungoja kutakwisha. Hakukwisha. Kulikuwa palepale, sawa na jana, ila sasa kulikuwa na wimbo juu yake.

Jumatatu alinunua betri nne kubwa akaenda Bangwe.

"Shikamoo, Mzee. Naomba ile redio."

"Imeharibika?"

"Sijui. Naomba niione."

Sindayigaya alimtazama, akatazama mfuko, akaelewa. Aliendelea kuziba tundu la wavu. Nizigama aliingia ndani, akaiondoa ile redio kwenye rafu, akakunja kitambaa chake vizuri na kukiweka pembeni. Nyuma, mahali pa betri palikuwa pamekwanguliwa safi. Mwenyewe hakuwahi kuacha kutu ishike. Akatia betri, akaileta nje, akaiweka juu ya jiwe kati yao.

"Mzee," alisema, "sisi wawili hatuna wakubwa wa ukoo. Lakini mtu akishuhudiwa na mtu... Ningeweza kukusemea lile neno. Nawe ukanisemea langu, kama siku yake itafika."

"Wewe si ndugu yangu," Sindayigaya alisema.

"Kweli, mimi si ndugu yako."

"Basi huna neno la kunisemea."

"Haya, Mzee." Nizigama alikubali, maana desturi ni desturi, na yule aliyekuwa ameishika kwa miaka ishirini na minne hakustahili kunyang'anywa kwa siku moja. "Nitaangalia tu kama inafanya kazi."

Akawasha. Redio ilikaa kimya kwa muda, kama mtu mzee anayetafuta neno. Kisha ikakohoa, na wimbo ukatoka, wa mbali, wa gitaa moja, wenye mikwaruzo ya zamani ambayo hakuna skrubu ya kuitoa. Sindano ya mzee ya kuzibia wavu ilisimama ndani ya tundu. Wimbi likaja, likalowesha vidole vyake, likarudi.

"Zima," alisema.

Nizigama alinyoosha mkono.

"Ngoja," mzee alisema. Hakuinua kichwa. "Ngoja uishe kwanza."